Bima Uliyotoa Kama Nyongeza

Kyalo,

Ulitaka niweke sahihi chini ya uongo. Mimi mama yako, ninayesimama kanisani Matinyani mbele ya watu. Na kwa vile simu yangu hupokei, basi soma.

Haya, nyumbani mko wazima? Mvua imefika ama bado ni upepo tu? Huku Mwingi dadako Mwende anapata nafuu baada ya upasuaji. Anaweza kuketi dukani kwake kidogo, lakini magunia nabeba mimi na magoti yangu haya. Sikuja huku kupumzika.

Sasa ile barua uliyonitumia, ya kukatisha bima ya pikapu ya marehemu baba yako. Ulisema ni sahihi tu, bima iko kwa jina langu, gari tumeshauza, kampuni irudishe pesa ya miezi iliyobaki. Niliisoma polepole, kwa kidole. Nikafika mahali inasema cheti cha bima kimepotea. Nikaona sawa, vitu hupotea. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, nikaiweka kwanza kwa sababu mteja alitaka sukari.

Mteja alipotoka, nikaona pikapu yetu imesimama mbele ya duka. Niliijua kwa ule mlango baba yako alioupaka rangi mwenyewe kwa brashi. Nyuma imejaa mbuzi, na katikati ya mbuzi wameketi wanawake wawili na mtoto. Kwenye kioo cha mbele, cheti changu.

Nilivuka barabara bila kuangalia. Abdi, yule mfanyabiashara wa mifugo uliyemuuzia, akashuka, akanisalimu kwa heshima, akanipa pole ya mzee. Nikamuuliza cheti changu kinafanya nini hapo.

"Mama, kijana wako alinipa. Alisema bei hawezi kushusha tena, lakini bima nichukue iwe nyongeza."

Nyongeza, Kyalo. Kama ile konzi ya maharagwe ninayomwongezea mteja baada ya kupima. Ikishaingia kwa kikapu chake imeenda. Wewe ulimwongezea mtu, kisha ukanituma mimi nikachote kwa kikapu chake akiwa hajui.

Nikampigia ajenti wa bima huko Kitui mjini, sikumficha kitu. Akaniambia mambo ambayo ungeuliza mwenyewe. Gari likishauzwa, bima hailifuati. Ile ya Abdi ilikuwa karatasi tu kwenye kioo. Angegonga mtu, ama apinduke na wale akina mama, kampuni haingelipa hata bandeji. Na pesa inayorudi si ya miezi iliyobaki sawasawa, vile ulivyojipigia hesabu. Ukikatisha mapema, kampuni inabaki na pesa zaidi ya ile ya miezi uliyotumia, na ada yake juu. Tena wanahesabu kuanzia siku cheti kimerudi kwao, si siku uliyouza gari. Wewe ukinyamaza, pesa inapungua.

Nilimweleza Abdi yote pale barabarani. Alimwangalia yule mtoto. Kisha akawashusha wote, akabandua cheti kwa ukucha, taratibu kisichanike, akanipa kwa mikono miwili. Mbuzi wakaenda kwa lori la kukodi, na pikapu imelala hapo mpaka anunue bima yake. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu.

"Na ajali ingekuwa jana, Mama?"

Nilirudi dukani nikashindwa hata kupima sukari. Baba yako alibeba wagonjwa wa kijiji kizima na gari hilo, na majeneza pia, na hakuna aliyewahi kupanda akiogopa amedanganywa.

Nisalimie mke wako Mumbua, mwambie mbegu za pojo ziko kwenye mtungi, zisiguswe mpaka mvua ishike. Wajukuu wangu waambie Susu wao anawakumbuka. Msalimie na ami yako Muli, na usimfiche habari hii, nitamuuliza.

Barua yako nimeichana. Nimeandika nyingine kwa mkono wangu, ya kukatisha bima bila uongo, iko humu pamoja na cheti. Jumatatu asubuhi vipeleke kwa ajenti mwenyewe, usitume mtu. Watakachorudisha pokea, usibishane. Halafu usipitie nyumbani. Njoo moja kwa moja Mwingi, umpe Abdi pesa hiyo yote mkononi, hata kama haifiki nusu ya bima atakayonunua, na umwambie kwa mdomo wako kwamba cheti hakikupotea, na ulijua.

Mama yako,
Nduku