Daraja la Meno ya Baba

Chapwa, Tunduma
2 Septemba 2012

Mpendwa Kaka Makame,

Assalamu alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lubumbashi, na kile kifua kimetulia. Mimi na wanangu hatujambo. Mama anajikongoja na miguu yake. Nimeona nikuandikie kwa sababu nikikupigia simu Baba huwa karibu, na haya sitaki ayasikie.

Unakumbuka kamba ya turubai la lori ilivyokatika Baba akiivuta, ikamvunja meno manne ya mbele ya juu, na fundi mmoja wa meno akamwekea daraja: meno manne ya bandia yaliyoshikana, yakibebwa na meno yake mawili, moja kila upande. Baba alirudi kusomesha madrasa, na herufi zake zilitoka kama zamani.

Haikufika mwaka, akaanza kusema daraja linacheza akila. Akaacha nyama, akaacha mahindi, ikawa ugali wa kulowekwa kwenye mchuzi. Wapi. Pakatoka harufu, akawa anaziba mdomo kwa kiganja akizungumza nasi.

Nikampeleka Mbeya kwa daktari wa meno, mama mmoja aitwaye Tulinagwe. Alitueleza kwa upole. Mtu anapotafuna, meno ya chini hulisukuma daraja, nalo hupinda kidogo tu, jicho halioni, kisha hurudi. La kuziba pengo la jino moja halina neno. Lakini pengo likirefuka mara mbili, kupinda hakuwi mara mbili, huwa mara nane. La Baba lilikuwa refu, tena jembamba. Kila mlo lilipinda, gundi ikabanduka, mate yakapenya, na meno yaliyolibeba yakaoza ndani kwa ndani bila sisi kujua.

Nikamwuliza kama haliwezi kutengenezwa jingine nene. Alimjibu Baba, si mimi.

“Mzee wangu, daraja nene ningekutengenezea. Meno ya kulibeba ndiyo hatuna tena.”

Akayang'oa yote mawili. Tulijaribu meno ya kuvaa na kuvua. Yakiingia tu kinywani, Baba anatapika.

Kaka, sikufichi, nimekata tamaa. Madrasa amemwachia Sufiani, yule msaidizi wake. Alimwambia hawezi kuwafundisha watoto wa watu herufi zilizovunjika. Uji anakunywa peke yake, ameelekeza uso ukutani. Nawe ukipiga simu akampa Mama, usidhani amekukasirikia.

Siku ya Idi tulikusanyika, tukainua mikono, tukamngoja atuombee dua. Midomo ilitikisika, sauti haikutoka. Tukaendelea kungoja. Mwisho akajipangusa uso kwa viganja, nasi tukaitikia amin kwa dua ambayo hakuna aliyeisikia.

Nisalimie Wifi Shani na watoto. Mama anakuombea, na Shangazi Sabra wa kule Mpemba anakusalimu sana. Mola akuhifadhi huko ugenini, atukutanishe sote tungali hai.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Ikram