Jina Nililolipiga Mstari

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka Makadara. Shangazi yako amehamia mtaa wa Buxton, kwa hivyo siku hizi napika chai ya kikombe kimoja.

Umeniuliza uanze na nini na hao watoto wakimbizi utakaowasomesha. Nimefungua shajara ya ujanani, nilipojitolea kufundisha watoto waliokimbia vita Somalia, darasa letu likiwa chini ya turubai. Mwanafunzi wangu mmoja, Halima, alikosa masomo wiki mbili. Nikachukua rula, nikalipiga jina lake mstari mwekundu katika daftari la mahudhurio, kama nilivyofunzwa.

Kesho yake akatokea. Alikuwa akimuuguza mamake. Akaliona daftari.

"Mwalimu, nani kakwambia nimekufa?"

"Maiti yaja kusoma!" wenzake wakamcheka. Yeye alilia. Katika orodha za kambini, aliyekatwa jina ni aliyezikwa.

Nikaliandika tena, chini kabisa.

"Hapo si pangu, mwalimu. Mimi hufuata Hafsa."

Nikanakili daftari zima upya.

Basi anza na majina, mwanangu, wala usiharakishe kulikata jina la yeyote. Mimi kila asubuhi huyaita yenu, nyote mliohama nyumba hii. Nikifika lako hungoja kidogo uitike, kisha naendelea.

Nyanyako,
Mwanaisha