Mmoja Kati ya Thelathini na Tisa

Jumatano, 5 Juni

Nimemaliza kusahihisha! Karatasi thelathini na tisa za mwaka wa nne, lengo namba sita: mhitimu aweze kutoa uamuzi wa kihandisi unaolinda usalama wa watu. Swali langu mwenyewe — sanifu msingi wa mnara wa tangi la maji la shule. Wamefaulu thelathini na nane. Thelathini na nane, jamani! Mkuu wa idara nusura anikumbatie pale koridoni. Wakaguzi wa ithibati wanakuja Jumanne, na tukinyimwa ithibati hawa vijana hawasajiliwi kuwa wahandisi, basi tena. Amesema jedwali langu litakaa mbele kabisa kwenye faili. Nimetembea mpaka kituoni najichekea peke yangu.

Aliyefeli ni yule binti tunayemwita Subiri Kwanza, maana hilo ndilo neno lake darasani. Karatasi karibu tupu. Sifuri. Amenisikitisha kidogo.

Alhamisi, 6 Juni

Subiri Kwanza amekuja ofisini. Hakuja kulalamika, anasema, anataka tu kujua kama niliona alichoandika nyuma. Nyuma? Sikugeuza! Nikageuza. "Siwezi kusanifu msingi huu wala kuusaini. Udongo wa hapo haujapimwa. Nipeni kipimo kwanza."

Nikalisoma swali langu. Nikalisoma tena. Uzito wa maji upo, upepo upo, urefu wa mnara upo. Uwezo wa udongo kubeba mzigo — haupo! Nimesahau kuuandika! Sasa wale thelathini na nane wamejenga juu ya nini?

Saa sita usiku, karatasi zote nimezipitia upya. Nimeshajua. Penye uwezo wa udongo wameweka mia moja na hamsini. Wote! Ile namba ya vitabuni, niliyoitumia kwenye mfano darasani, udongo wa kiwanja kingine kabisa. Na mimi nikawapigia vema mmoja mmoja, bila hata kusita. Aibu yangu! Ningepaswa kulia, lakini nacheka mpaka machozi. Nina mhandisi! Mmoja tu, lakini ninaye!

Ijumaa, 7 Juni

Mkuu wa idara hacheki. Nimempelekea jedwali jipya, mmoja kati ya thelathini na tisa. Akafunga mlango. Futa hilo swali, akasema, tutumie la mwaka jana. Nikamwambia la mwaka jana lilikuwa la kuchagua herufi — usalama wa watu kwa a, b, c! Akasema angalau hilo lilikuwa limekamilika. Hapo tukacheka wote wawili, yeye bila kupenda.

Halafu akasema polepole: mwalimu, hawa ni watoto wa watu. Limenichoma.

Jumapili, 9 Juni

Nimemsimulia dada yangu, fundi cherehani, pini zimemjaa mdomoni. Nikamuuliza: mteja ameleta kitambaa, hajapimwa, wewe ungekata? Akatema pini. Thubutu! Nikate kwa kumkisia? Kisha akauliza nani alisahau vipimo. Nikainua mkono. Akacheka huyo, mpaka akakaa chini.

Ripoti nimeiandikia palepale kwenye meza yake ya kukatia. Kosa langu mstari wa kwanza. Mmoja kati ya thelathini na tisa, wa pili. Wa tatu: zimebaki wiki mbili za muhula, tunawafundisha upya na kuwapima upya. Nina furaha ya ajabu.

Jumatatu, 10 Juni

Mkuu wa idara amesaini ripoti!! Amesema wakitufungia, nimwombee nafasi ya kushona kwa dada.

Jumanne, 11 Juni

Chumba cha mikutano. Naandika kwa kuibia, daftari liko mapajani. Wakaguzi watatu. Mkaguzi mkuu ni mhandisi mwenye mvi, miaka arobaini kazini, mcheshi kweli. Amefungua faili, ripoti hajaifikia, ameangukia swali. Aha, tangi la maji! Siku nyingi hajashika hesabu hizi. Ameomba karatasi. Anawatania wenzake kwamba leo anafanya mtihani, mwalimu atampa alama. Wanacheka. Mkuu wa idara ananikanyaga mguu chini ya meza.

Anaandika. Uzito wa maji, sawa. Upepo, sawa. Ana mwandiko mzuri!

Amefika kwenye udongo. Kalamu imesimama. Anarudi kwenye swali, anatafuta kwa kidole — uliza! Uliza tu, mzee wangu, nakuomba!

Ameandika mia moja na hamsini.

Mungu wangu. Mbavu zinaniuma kwa kicheko nilichokibana. Mkuu wa idara amefumba macho. Mzee amemaliza, amepiga mistari miwili chini ya jibu, anapuliza wino ukauke. Ananisogezea karatasi, na kalamu nyekundu juu yake. Haya mwalimu, anasema, sahihisha.