Moyo Ule wa Ukutani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nyingine mfikishie Mama, nawe unipokelee marahaba yake. Natumaini cherehani inazunguka na wateja hawakusumbui sana. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho sina hakika nacho.

Tangu nianze masomo haya ya juu katika hospitali ya chuo, sijui nishike lipi niache lipi. Kule zahanati nilizoea: mgonjwa anaingia, namsikiliza, namtibu, anayefuata aingie. Hapa nimepewa meza, kompyuta na funguo, nikaambiwa nifikiri. Nifikiri nini, hakuna aliyesema. Asubuhi nawafundisha madaktari wanafunzi, mchana mimi ndiye mwanafunzi, na jioni sijui mimi ni nani.

Ofisini tuko watatu. Mmoja anasomea moyo, mwingine figo. Waliponiuliza mimi ni wa kiungo gani, nikasema ni daktari wa magonjwa yote, walicheka wakanibatiza Duka la Jumla, eti kwangu kila kitu kipo. Si watu wabaya, hata chai hunimiminia wa kwanza. Lakini najiuliza niliwaacha wagonjwa wangu nije kusomea nini hasa.

Anayenichanganya zaidi ni profesa wetu, mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Juzi aliniketisha nyuma ya daktari mwanafunzi aliyekuwa akimhudumia mzee mmoja mwenye kikohozi. Nilidhani nimekwishaujua ugonjwa kabla mzee hajavua koti, nikainuka na stetoskopu yangu. Profesa akaninong'oneza nikae. Yule mwanafunzi akamuuliza mzee anaogopa nini, kisha akanyamaza. Mzee alikaa kimya mpaka nikaanza kuona haya mimi, halafu akasema kaka yake alianza hivyohivyo. Baadaye profesa aliniambia majibu ninayo tele, ila sijajifunza kuuliza swali moja na kufunga mdomo. Nilikasirika, Baba. Miaka yote hii nawauliza wagonjwa maswali, leo naambiwa sijui kuuliza?

Sasa jana mdogo wangu alinipigia simu. Anasema siku hizi ukifika dukani unakaa kwanza mlangoni kuhema, na miguu imevimba hata viatu haviingii. Mama akikusihi uende hospitali, unamjibu, “Daktari wa moyo wangu yuko masomoni. Namngoja.” Kisha unawaonyesha wateja ile picha niliyokutumia, mimi mezani na mchoro mkubwa wa moyo ukutani nyuma yangu.

Baba, mchoro ule ni wa jirani yangu wa meza. Mimi sisomei moyo. Nikimaliza hapa nitakuwa daktari yuleyule wa magonjwa yote, labda mwenye kuchanganyikiwa zaidi. Hakuna daktari wa kungoja. Nilipomweleza jirani yangu hali yako, aliacha utani papo hapo, akasema uende leo.

Ndiyo maana naituma barua hii kwa basi badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kwa mzaha kama kawaida yako. Mdogo wangu aliyekuletea anakusubiri nje na teksi. Usimwambie arudi kesho.

Waliosema mganga hajigangi walisahau kusema kwamba hata baba yake hamgangi. Nilijaza ukurasa mzima majina ya vipimo na dawa, nikauchana. Njia ya hospitali unaijua, na wewe si mtu wa kukata kitambaa kabla ya kupima, sembuse kungoja miaka kwa sababu ya picha. Naogopa, Baba, na sijui kitu kingine cha kufanya isipokuwa hiki nilichofundishwa juzi. Unaogopa nini?

Nimenyamaza. Jibu mpe daktari utakayemkuta.

Msalimie Mama, na yule fundi mwenzako asiyeisha maneno. Picha usiitoe ukutani, ila wateja waambie moyo ule ni wa mtu mwingine. Wangu uko hapo kwako, na tangu jana haujatulia.

Ni mimi mwanao,
Duka la Jumla