Tawi la mfano

Mwenzangu, leo nimeumbuka mchana kweupe.

Unalikumbuka lile tawi ninalolisifia kila siku kwenye mradi wetu wa maktaba mtandao? Mkoa mzima wananipigia simu kompyuta zimegoma, wao kimya. Nikamwambia bosi hao ndio wa mfano, wakutubi wote waende wakajifunze kwao.

Leo tumeenda na bosi na wakutubi wote, ukumbi umejaa. Mama mkutubi katupokea kwa bashasha. Kompyuta zote zimevikwa vitambaa vya kufuma! Vitambaa, mwenzangu! Chini yake, nailoni za kiwandani hazijabanduliwa.

Bosi kauliza, “Mbona hamjaziwasha?”

Mama anatabasamu tu. “Hatujawahi kuziwasha, mzee. Ndiyo maana haziharibiki.”

Hawajawahi! Miezi yote hiyo nalisifia kabati!

Nikajitia ukali. “Mama, si niliwafundisha mimi mwenyewe?”

“Tena ulitufundisha vizuri, mwanangu. Ulisema kitu usichokijua usikiguse.”

Bosi kanigeukia. Nikatafuta pa kuficha uso.

Nageuka nyuma, wakutubi wa mkoa mzima wameinamisha vichwa, wanaandika.