Kifua Kinapopiga Hodi

Mke wangu mdogo Mwanahawa,

Nina miaka themanini na mbili, na daktari aliyenikataza bahari nimemzika mimi. Shikamoo yako imefika, marahaba. Mke mwenzio, bibi yako, mzima, na mbuzi kazaa.

Unasema huko Tanga, kwenye mafunzo ya kupiga mbizi, ukibana pumzi kifua kinaruka, unaibuka mbio, na unaogopa watakurudisha nyumbani. Umeuliza penyewe. Mafia nzima hakuna mpiga mbizi kama mimi.

Nilipomtaka bibi yako, baba yake alinipeleka kwenye dema lake la kutegea samaki lililonasa kwenye matumbawe. Akasema, "Ukilitoa, lete mshenga." Nikavimbisha mashavu, nikazama kwa pupa, nikaibuka mikono mitupu. Mzee akacheka ndani ya ngalawa: "Nazi kavu wewe, huzami!" Nikarudi kwa hasira, yakawa yale yale. Akanishika bega: "Pumua kama mtu aliyeshiba, mwanangu."

Nikapumua hivyo, nikashuka taratibu. Kule chini kifua kikaruka. Nikamtazama samaki mmoja, changu, ndani ya dema, katulia kunishinda. Nikaona kumbe kifua kinapiga hodi tu, mlango hakijavunja. Nikalinasua dema, nikapanda, mzee akalivuta kwa kamba.

Lakini usizame bila mtu juu. Hata mimi nilikuwa na mkwe.

Ukidhani natia chumvi, muulize bibi yako, ndiye aliyempika yule changu. Shahidi mwingine ni wewe: ningeibuka mikono mitupu tena, nani angezaliwa aniulize?

Babu yako,
Makame