Programu Iliuliza, Nami Nikajibu Ndiyo

Mpendwa Tantine Naomie, nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni mwanafunzi wa kilimo hapa Kisangani, takwimu hazijawahi kunipenda, kwa hiyo nilifurahi sana nilipopata programu ya kompyuta inayomshika mkono mtu asiye mtaalamu, inakuuliza swali moja moja, umepima nini, mara ngapi, na ukishajibu inachagua yenyewe hesabu inayofaa na kukueleza maana yake, nami nilikuwa nalinganisha muhogo mpya na wa zamani katika shamba la Papa Constant, upande wa Yangambi, vipande vya shamba kumi na viwili, na programu ilipouliza kama ni kura iliyoamua muhogo upi upandwe wapi nikabonyeza ndiyo, maana nilikuwa nimemwachia Papa Constant karatasi za kura nikarudi mjini, basi matokeo yakatoka mazuri ajabu, muhogo mpya umeshinda. Juma lililopita nilikwenda kumshukuru, nikamuuliza kura zilikwendaje, akacheka.

"Kura ya nini, mutoto yangu? Ile mupya iko mugeni. Mugeni tunamupatiaka fasi ya muzuri, donc niliipanda karibu na nyumba, pale tunatupaka majivu."

Niliporudi nikafungua programu tena, nikajibu hapana, nione tu itasemaje, ikaandika kwamba haiwezi kujua kama ni muhogo ulioshinda au ni udongo. Imejuaje, Tantine, na kwa nini haikujua mwanzoni? Natetea mémoire yangu, kazi ya kuhitimu, baada ya siku kumi, mama ameshashona kitenge, na kibaya zaidi majirani wa Papa Constant wanataka kung'oa muhogo wao wa zamani kwa sababu yangu. Ninyamaze?
Larissa

Larissa mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, maana huyo Papa Constant ningependa kumtembelea. Halafu nikakasirika. Ulimwachia mzee karatasi bila kumweleza kazi yake, ukapanda boti. Yeye alikuwa na adabu, wewe ulikuwa na uvivu.

Unauliza imejuaje. Haikujua kitu. Aliyeitengeneza aliiwekea maswali ambayo mtaalamu angekuuliza, basi. Macho ya kuangalia shamba ni yako, na ulijibu jambo ambalo hukuliona. Nakuelewa unavyoogopa, lakini hapana, usinyamaze.

Leo hii mpigie simu Papa Constant, majirani wasing'oe hata shina moja. Watakula nini ikiwa kilichoshinda ni majivu? Kesho mpelekee profesa wako majibu yote mawili ya programu. Andika kwenye mémoire jinsi muhogo ulivyopandwa kweli, na neno "umeshinda" ulifute. Tarehe ikisogezwa, isogezwe, kitenge hakiozi.

Msimu ujao rudi mwenyewe, kura zipigwe mbele yako, karatasi azichomoe Papa Constant. Akikuuliza sababu, mwambie safari hii wageni ni wawili, muhogo mpya na wa zamani, na mahali pazuri patagawiwa kwa kura.